Miaka 55 au 60? Anza na mahali utakapoishi

Kwa miaka 22 nilikalia kiti cha afisa utumishi katika halmashauri moja ya hapa Dar es Salaam, na swali lililoingia mlangoni kwangu kuliko yote lilikuwa hili: "Mama, nistaafu na 55 au nisubiri 60?" Mtu aliuliza akiwa bado amesimama, mkono kwenye kitasa, kana kwamba jibu ni neno moja. Nilikuwa namwambia akae kwanza.

Mimi na mume wangu tumezaliwa mwaka mmoja, 1964, na tulichagua tofauti. Yeye alikuwa mwalimu wa sekondari. Aliondoka kwa hiari mwaka 2019 akiwa na miaka 55. Mimi niliondoka kwa lazima mwishoni mwa 2024, nilipotimiza 60. Kwa hiyo nyumbani kwetu Kinyerezi njia zote mbili zinakunywa chai meza moja kila asubuhi. Ninayoyaandika yametoka kwenye meza hiyo na kwenye majalada niliyoyashika.

Nitaanza na fedha kwa sababu kila mtu huanzia hapo. Lakini naomba msomaji ajue mapema msimamo wangu: fedha ni swali la pili. La kwanza ni mahali.

Kwanza, je, una hiari kweli?

Kwa kawaida, mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55, na akifika 60 analazimika. Anayetaka kutoka mapema humwandikia mwajiri wake barua miezi sita kabla. Umri unaohesabiwa ni ule uliojazwa kwenye jalada siku ya kuajiriwa. Nimeona watu wakija na cheti kipya cha kuzaliwa wakiwa na miaka 59, wakitaka kurudisha umri nyuma. Hawakufanikiwa, na waliondoka wakiwa hawana mpango wowote kwa sababu mpango wao wote ulikuwa kile cheti.

Halafu kuna miezi 180. Hiyo ndiyo michango inayohitajika, sawa na miaka 15, ili upate pensheni ya kila mwezi. Ukipungukiwa, unalipwa mkupuo tu, yaani fedha ya mara moja, na habari inaishia hapo. Mtu aliyeajiriwa akiwa na miaka 42 anafika 55 akiwa na miezi 156. Huyo sheria inamruhusu atoke, lakini akitoka anaiacha pensheni ya maisha kwa kukosa miaka miwili. Kwake, kabla ya 57 hakuna cha kulinganisha. Angalia taarifa yako ya michango kabla ya kuangalia kitu kingine chochote, na usiridhike na jumla iliyoandikwa chini. Pitia mwezi mmoja mmoja, maana kuna waajiri waliokata na hawakupeleka.

Kikokotoo cha 55 na cha 60

Tuchukue mtu aliyeajiriwa akiwa na miaka 30, mtumishi wa umma aliyekuwa kwenye kundi la PSPF au LAPF, mifuko ya zamani ya pensheni, kabla mifuko haijaunganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa sasa wa watumishi wa umma, mwaka 2018. Mshahara wake, kwa wastani wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho, ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kanuni ya sasa ya kukokotoa mafao, ndiyo kikokotoo chenyewe, inasema: chukua miezi aliyochangia, gawanya kwa 580, zidisha kwa mshahara huo wa mwaka mzima. Unapata pensheni ya mwaka. Asilimia 40 ya hiyo inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa miezi 12 na kulipwa hadi siku ya mwisho ya maisha yake.

| | Akitoka na 55 | Akitoka na 60 |
|---|---|---|
| Miezi ya michango | 300 | 360 |
| Mkupuo | 37,241,379 | 44,689,655 |
| Pensheni kwa mwezi | 372,414 | 446,897 |

Nimeuacha mshahara uleule kwa miaka yote mitano ili tofauti ionekane bila kuchanganywa na kupanda daraja. Kwa kawaida mshahara hupanda kidogo na pengo huongezeka. Mliokuwa kwenye kundi lililokuwa likipata mkupuo wa asilimia 25, wakiwemo wa NSSF, wekeni 35 mahali pa 40, na 65 mahali pa 60.

Watu wengi wakiona jedwali hili hushangaa kwamba tofauti si kubwa kama walivyodhani. Milioni saba na nusu kwenye mkupuo, elfu sabini na nne kwenye mwezi. Basi wanasema, kumbe afadhali nitoke. Subiri. Fedha kubwa haiko kwenye kikokotoo, iko kwenye mshahara wa ile miezi 60. Mwenye 1,200,000, baada ya kodi, mchango wa mfuko na bima, hubaki na zaidi kidogo ya laki tisa mkononi kama hana mkopo. Akistaafu na 55, laki tisa inageuka kuwa 372,000. Pengo ni kama laki tano na nusu kila mwezi, kwa miaka mitano.

Hicho ndicho kipimo nilichokuwa nawapa watu: nje ya ajira, una kazi itakayokuletea laki tano na nusu kwa mwezi, na umeshaifanya angalau mwaka mmoja ukaona inaleta? Si biashara unayoiota. Ile ambayo tayari ina wateja. Kama ipo, 55 haikupunguzii chochote cha maana na inakupa miaka mitano ukiwa bado na magoti. Kama haipo, unakwenda kuitafuta kwa kutumia mkupuo, na mkupuo ni mwalimu mwenye ada kubwa sana.

Onyo moja hapa, na ni la muhimu. Usipige hesabu zako kwa kufuata za kaka aliyestaafu zamani. Mume wangu alitoka 2019. Kanuni mpya za 2018, zilizokuwa na mkupuo wa asilimia 25, zilikuwa zimesitishwa na Rais Magufuli mwezi Desemba 2018 baada ya wafanyakazi kulalamika, kwa hiyo yeye alilipwa kwa kanuni ya zamani: kugawanya kwa 540, kuzidisha kwa 15.5, na nusu nzima kulipwa kwa mkupuo. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na kwenye bajeti ya 2024 ndipo ikapandishwa hadi 40 kwa kundi letu. Mtu wa mfano wetu angetoka 2019 na 55, angepata mkupuo wa milioni 62 na pensheni ya 333,333 kwa mwezi. Anayetoka leo na 60, akiwa na mshahara uleule na miaka mitano zaidi ya jasho, anapata mkupuo wa milioni 44 na ushee, ila mwezi unaingia laki nne na nusu kasoro kidogo.

Ndiyo maana mume wangu alipokea mkupuo mkubwa kuliko wangu ingawa nilimzidi mshahara. Iliniuma, sitaficha. Lakini sasa, kila tarehe pensheni inapoingia, yangu ndiyo inayolipa umeme, maji na sukari, na yake inasindikiza. Tofauti ya mkupuo wa mfano ule, milioni 17 na zaidi, hulipika kwa tofauti ya pensheni baada ya miaka 12 na miezi kadhaa. Mwenye afya na ukoo wa wazee wanaofika 85 ana sababu ya kuupenda mwezi kuliko mkupuo.

Mkupuo: vyumba, hatifungani au biashara

Hapa nitatoa hukumu yangu waziwazi, kwa sababu nimeona majalada mengi yakirudi kwangu kwa sura ya mtu anayeomba barua ya utambulisho akakope.

Nyumba ya wapangaji ndiyo ndoto ya kwanza ya mstaafu wa Dar. Ni nzuri kwa mwenye kiwanja tayari, chenye hati au angalau kilichopimwa, na mahali ambapo daladala inafika. Ubaya wake ni kwamba milioni 37 haimalizi nyumba. Inafika kwenye lenta, au kwenye bati bila madirisha, na msingi wenye nyasi hauzai kodi. Ukiwa na boma lililosimama tayari, mkupuo unalimalizia na kodi inaanza ndani ya miezi. Ukianza na shimo la msingi, usianze. Na anayejenga vyumba Dar aamue pia kwamba ataishi karibu navyo, maana mpangaji wa mbali hulipa akipenda, na fundi wa mbali hubomoa anachotengeneza.

Hatifungani za serikali, ambazo ni kuikopesha serikali nayo ikakulipa riba, zinauzwa na Benki Kuu, kuanzia shilingi milioni moja, za miaka miwili hadi 25, na riba inaingia kwenye akaunti kila baada ya miezi sita. Hazihitaji mlinzi wala chakula cha mifugo. Ukipata zenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka, milioni 20 inakupa milioni 2.4, sawa na laki mbili kila mwezi. Ukitaka kuuza kabla ya muda wake, unapitia dalali wa soko la hisa, na bei unayoipata inategemea soko la siku hiyo. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS ni laini zaidi: unaingia na kidogo, unatoa ndani ya siku chache za kazi, na upo mpango wa kulipwa gawio kila mwezi. Sehemu kubwa ya mkupuo wangu ipo huko. Mume wangu alinicheka mwanzoni, akisema fedha isiyoonekana haina utamu. Ni kweli haina. Lakini pia haiombwi na mpwa, maana huwezi kuitoa mfukoni sebuleni.

Biashara sasa. Mume wangu alianza na kuku wa nyama 600 uani, mwezi wa tatu baada ya kustaafu. Kundi la kwanza lilitoka vizuri, akaongeza. Kundi la pili likaingiwa na ugonjwa wa Gumboro, na ndani ya siku nne tukazika kuku mpaka mikono ikauma. Kosa halikuwa kuku. Kosa lilikuwa kwamba mtu aliyefundisha hisabati miaka 28 alijifunza chanjo kwa mtaji wa uzeeni. Nilichokuja kukiamini ni hiki: biashara ya mstaafu ianze ukiwa bado kazini, ikiwa ndogo, ikikuumiza kidogo, na mshahara ukiwa bado unaingia kukufariji.

Na simu. Mkupuo ukikaribia, utapigiwa na mtu anayejua jina lako, namba ya jalada na kituo chako cha kazi, atajiita ofisa wa mfuko na kuomba "ada ya kuharakisha". Malipo ya mafao hayana ada. Kata simu, nenda ofisini kwa miguu yako.

Mahali: Dar, kwenu, au pembeni

Tanzania ina marais wawili wa mwanzo walioonyesha njia mbili za kukaa nje ya ofisi. Mwalimu Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985 na akarudi Butiama, akalima. Mzee Mwinyi alitoka 1995 na akabaki Dar es Salaam, na watu wa mji huu walizoea kumwona akifanya mazoezi hata alipokuwa mzee sana. Alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 98. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alikwenda mahali ambapo asubuhi yake ilikuwa na kazi.

Kwa mtu wa kawaida, mahali ndipo panapoamua tarehe, na hili ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo. Ukiamua kubaki Dar, unahitaji fedha ya kila mwezi iliyo kubwa zaidi: maji, umeme, nauli, michango ya harusi tatu kila Juni na Desemba, na soko ambalo hata mchicha unauzwa kwa fungu. Mtu wa Dar ananufaika na kusubiri 60. Ukiamua kurudi kwenu, kwenye shamba ambalo limeshapandwa, pensheni ya 55 inatosha na miaka mitano ya nguvu ina thamani kuliko laki za mshahara, maana migomba au mikorosho inamtaka mtu anayeweza kuinama. Anayejua mahali pake anaijua tarehe yake karibu bila kuuliza.

Tatizo ni kwamba wengi hawapajui. Wanasema "nitarudi kijijini" kama wanavyosema "Mungu akipenda", bila choo, bila mlango. Serikali humlipia mtumishi anayestaafu usafiri na mizigo kwenda kwao, na nimeona lori likipakia makochi kutoka Temeke kwenda mkoani, kisha miezi minane baadaye mtu yuleyule anatafuta chumba cha kupanga Mbagala kwa fedha yake mwenyewe.

Mume wangu naye alijaribu. Kwao ni Mamba Miamba, milimani Same, kwenye tangawizi. Baada ya kuku akapanda mlima, akisema huko ndiko damu yake iliko. Alikaa msimu mmoja. Tangawizi ilikubali, shida ilikuwa mambo mengine. Rafiki zake wa utotoni wengi walikuwa wameshatangulia mbele za haki au wako mjini kwa watoto wao. Wapwa walimwona kama benki iliyofungua tawi kijijini. Mvua ikinyesha, barabara ya kushuka ilikuwa ya kuomba dua, na yeye ana presha. Hospitali kubwa ya rufaa ni KCMC, Moshi, zaidi ya kilomita mia moja kutoka Same mjini. Na mkewe nilikuwa Dar, nahesabu miaka yangu ya kazi iliyobaki. Alirudi amekonda.

Dar ina hospitali. Hilo mstaafu asilidharau. Muhimbili, MOI kwa mifupa, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Ocean Road kwa saratani, zote ziko ndani ya mji mmoja. Kadi ya bima ya afya ya NHIF ya mstaafu inakuhudumia wewe na mwenza wako, lakini watoto na wazazi uliowaandikisha ukiwa kazini hawaendelei nayo. Mwenye mama mgonjwa anayetibiwa kwa kadi yake alipime hilo kabla ya kuandika barua ya 55. Nimeona mtu akijutia hilo peke yake kuliko mafao yote.

Njia ya tatu ndiyo ninayowapendekezea wengi, na wachache huifikiria: pembeni. Chanika, Kigamboni ya ndani, Mkuranga, Kibaha, Mlandizi. Kiwanja kinakuwa kikubwa kwa fedha ileile, unaweza kuweka mbuzi wawili na mihogo, na kliniki ya Muhimbili bado ni safari ya siku moja kwenda na kurudi. Hata Morogoro imesogea. Tangu treni ya SGR ilipoanza mwaka 2024, Dar na Morogoro ni takriban saa mbili, na najua mama mmoja aliyehamia Kihonda ambaye huja Dar kwenye vikao vya familia na kurudi kulala kwake. Ubaya wa pembeni ni maji. Uliza kisima, kina chake, na kama maji yake yana chumvi, kabla ya kuuliza bei ya kiwanja. Na uende kipindi cha masika, si Septemba, ili uione barabara ikiwa katika tabia yake halisi.

Siku zenyewe zinavyokuwa

Kuhusu hili nitakaa kidogo, maana hakuna aliyeniambia.

Aliyetoka na 55 anaondoka wenzake wakiwa bado kazini. Mume wangu mwaka wa kwanza aliamka saa kumi na nusu alfajiri kama kawaida, akanyoa ndevu, akavaa shati, akakaa barazani. Daladala zikipita alizitazama. Mtaani watu walimwuliza kama amefukuzwa, kwa sababu hana mvi. Alichokosa si fedha. Alikosa mtu wa kumwita "ticha" kabla ya saa mbili asubuhi. Alikipata tena kwa bahati: mtoto wa jirani aliomba asaidiwe hesabu, akaja na mwenzake, na sasa jioni ana watoto 14 kwenye baraza ileile, mzazi analipa anachoweza. Haifiki laki tano na nusu, lakini inamfanya anyoe ndevu kwa sababu.

Aliyetoka na 60 anaondoka akiwa amechoka, na watu wote wanaona ni sawa achoke. Hiyo ina hatari yake. Mimi nilikuwa napokea simu arobaini kwa siku. Wiki ya pili baada ya kuaga, simu ilikaa kimya mpaka nikaizima na kuiwasha nikidhani mtandao umekatika. Mtu uliyemsaidia jalada lake miaka kumi anakupita Kariakoo akikusalimia "shikamoo mama" na kuendelea na safari. Hana kosa. Alikuwa anakijua kiti.

Na ndani ya nyumba je? Watu huulizana mafao na kusahau kwamba wanakwenda kuishi na mtu mchana. Mume wangu alikuwa na miaka mitano ya nyumba peke yake. Ameweka vikombe anapopataka, anajua muuza samaki anapita saa ngapi, redio iko kwenye taarifa ya habari saa saba. Mimi nikaingia kama mkaguzi. Nikahamisha vikombe. Tuligombana juu ya vikombe kwa wiki mbili, watu wazima, wajukuu wakitusikiliza, mpaka shangazi yake aliyekuja kututembelea kutoka Same akanivuta jikoni akaniambia, "Mwanangu, hapa wewe ndiye mgeni." Maneno yale yalinikata, na yalikuwa kweli. Tuligawana. Asubuhi jiko ni lake, mchana ni langu. Jumanne na Alhamisi mimi naenda kwenye kikoba chetu na kuwasaidia wanawake wa mtaa kuandika vitabu vyao vya hesabu. Ijumaa yeye yuko msikitini mapema, kisha kwenye kahawa na bao.

Wanandoa wanaostaafu pamoja wanapata mshtuko mmoja kwa pamoja na wanaweza kuhama mji bila mmoja kumwacha mwingine. Wanaopishana kama sisi wanapata mshahara mmoja unaoendelea kuingia wakati mwingine anajifunza kuku. Kwa kipato, kupishana kulituokoa. Kwa ndoa, ningesema tulilipa kidogo. Kama mna watoto bado shuleni, pishaneni, na atangulie yule mwenye kazi ya kufanya nje, si yule aliyechoka zaidi. Kama watoto wamemaliza na mnataka kuhamia Mkuranga, tokeni pamoja au msihame kabisa mpaka wa pili atoke.

Kwa nani lipi

Ningemwambia atoke na 55 yule mwenye miezi 180 iliyotimia na ziada, asiye na mkopo wa mshahara, mtoto wa mwisho amevuka kidato cha sita, nyumba ina bati na mlango mahali anapotaka kuishi, na shughuli yake imeshamlipa mwaka mzima. Na yule ambaye kazi inamla afya. Huyo asihesabu hata shilingi.

Ningemwambia asubiri 60 mwenye mkopo unaoendelea, mzazi anayetibiwa kwa kadi yake, au anayebaki Dar bila chanzo cha pili. Na yule ambaye akiulizwa atafanya nini Jumatatu ya kwanza anajibu "nitapumzika". Huyo ana miaka mitano ya kutafuta jibu lingine akiwa bado analipwa.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani mwalimu mmoja, kijana wetu wa zamani, sasa ana 54 na nusu. Barua ya hiari ameiandika tayari, imechapwa vizuri, ila mahali pa tarehe ameacha wazi. Aliniomba nimjazie. Nilimwuliza atalala wapi, akasema wana kiwanja Mlandizi ambacho mkewe hajawahi kukikanyaga. Tulikunywa chai, akaikunja barua akaitia mfukoni. Jumamosi wanakwenda wote wawili na ndoo, kuonja maji ya kisima cha jirani.